Kupanga fleti Kraków: mwongozo wa anayefika bila ndugu wala jamaa

Ukishapata udahili au kazi Poland kila mtu anakushauri kuhusu viza, tiketi na koti la baridi, ila habari ya nyumba hakuna anayekwambia mpaka uko uwanja wa ndege na begi lako. Naandika kuhusu Kraków maana ndo mji ninaoujua, ila mengi humu sheria zake ni za nchi nzima, hata ukienda Wrocław au Gdańsk utayakuta hayo hayo. Kraków ni mji wa kale, chuo kikuu chake cha Jagielloński kilianzishwa 1364 na mji mkongwe wa katikati uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1978, na hiyo historia yote ujue wewe mpangaji unaichangia, kwenye kodi na hasa kwenye bili ya joto.

Hatua ya 1: Anza kutafuta mapema kuliko wenzako

Mwaka wa masomo unaanza 1 Oktoba. Mji una wanafunzi zaidi ya laki moja, kwa hiyo Septemba ni vita, tangazo linawekwa asubuhi, mchana limeshaondoka, na bei zinapanda kwa sababu mwenye nyumba anajua mko kumi mnasubiri. Ukiweza tafuta Julai au mwanzoni mwa Agosti. Ukishindwa kabisa, chukua hosteli au chumba cha muda mfupi wiki mbili tatu afu tafuta ukiwa pale pale mjini, hiyo ni bora mara mia kuliko kulipia nyumba ukiwa bado Dar au Nairobi. Januari na Februari nako kunakuwa na nafasi nafasi, muhula ukiisha kuna wanaohama.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kwa tramu, usichague kwa picha

Kraków haina metro, watu wanaishi kwa tramu na basi. Kwa hiyo fungua ramani, tafuta shule au kazi yako iko wapi, angalia laini gani inapita moja kwa moja bila kubadilisha, afu fuata hiyo laini mpaka mahali unapoweza kulipa.

Stare Miasto, yani mji mkongwe wenyewe, sikushauri. Ni pazuri ndio, ila Rynek Główny, yani uwanja mkuu wa katikati, na vichochoro vyake ni watalii usiku kucha, nyumba nyingi zimegeuzwa za kulala wageni kwa siku, na juu ya mnara wa kanisa la Mariacki kuna mtu anapiga tarumbeta kila saa, mchana na usiku, ukiwa mtalii unapiga picha, ukiwa na mtihani asubuhi unatafuta mito ya kuziba masikio. Kazimierz, iliyokuwa mji wake peke yake tangu 1335 na baadaye ikawa na mtaa wa Wayahudi, nayo ni hivo hivo, ukipata chumba kinachoangalia uwanja wa Plac Nowy jua umehamia baa. Ukivuka mto Wisła kuna Podgórze na Zabłocie, kumetulia kidogo ila bei nazo zimeshapanda.

Wengi wetu tunaishia kwenye mabloku, yani majengo ya fleti nje ya katikati. Ruczaj kuna majengo mapya na kampasi mpya ya Jagielloński iko huko huko, Krowodrza na Bronowice ni karibu na AGH, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, Czyżyny na Prądnik unapata kwa bei ya wastani. Na mimi natetea Nowa Huta, ambayo Wapoland wenyewe wengine watakukunjia uso ukiitaja. Ilianza kujengwa 1949 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, ikaunganishwa na Kraków 1951, kuta nene, viwanja vya ndani vina miti, tramu zipo, na kodi iko chini. Mpaka katikati ni kama nusu saa hivi, watu Dar wanakaa foleni muda huo hapo Ubungo tu.

Jambo la hewa: Kraków imekaa bondeni na baridi ikiingia moshi unatuama. Mji ulipiga marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni kuanzia 1 Septemba 2019 na hali imekuwa afadhali sana, ila vijiji vya jirani moshi bado upo na unaingia. Kama una pumu kwepa nyumba zilizo kwenye zile barabara kubwa tatu zinazozunguka upande wa magharibi wa mji mkongwe, Krasińskiego, Mickiewicza na Słowackiego, magari hayalali.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma tangazo, maana bei iliyoandikwa sio bei

Hapa ndo watu wanapigwa bila hata kutapeliwa. Matangazo mengi yako kwenye tovuti za OLX na Otodom, na kwenye makundi ya Facebook. Bei kubwa inayoonekana juu mara nyingi ni ile hela inayoingia mfukoni kwa mwenye nyumba, wanaiita odstępne. Juu yake kuna czynsz, ambayo ni ada ya jengo, inalipwa kwa chama cha wenye fleti au ushirika unaosimamia jengo, ndani yake kuna usafi wa ngazi, matengenezo, mara nyingi maji na joto kwa makadirio, na takataka ambazo Kraków zinahesabiwa kwa kichwa, yani mkiwa wawili mnalipa za wawili. Afu kuna media, yani umeme, gesi, intaneti. Afu kaucja, dipoziti. Na kama kuna dalali, kuna prowizja, yani ada yake.

Chukua mfano, tangazo linasema 2,400 kwa zloti, hela ya Poland. Ukisoma chini wameandika czynsz 600, umeme na intaneti juu yako, tuseme 200 nyingine. Tayari kila mwezi unatoka na 3,200 na sio 2,400. Siku ya kusaini unatoa mwezi wa kwanza 3,000 (2,400 na czynsz 600), dipoziti 2,400, na dalali akitaka mwezi mmoja pamoja na VAT ya 23% hiyo ni 2,952. Jumla 8,352 zloti kabla hujanunua hata sufuria. Faida moja, hapa hakuna mambo ya kulipa miezi sita kwa mkupuo kama kwetu, kodi ni mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kila tangazo liwe hili: jumla ya kila kitu kwa mwezi ni ngapi, na maji na joto ni makadirio au ni kwa mita? Ukiona neno zaliczka jua ni makadirio, mwisho wa kipindi wanapiga hesabu na ukiwa ulijimwagia maji ya moto kama uko hotelini utaletewa deni. Ukiona ryczałt, hiyo ni bei moja isiyobadilika, lala usingizi.

Maneno mengine ya kushika: kawalerka ni chumba kimoja chenye kila kitu, tuseme self iliyojitosheleza na jiko lake. Wanaposema fleti ya vyumba viwili, sebule nayo imehesabiwa, kwa hiyo ni chumba na sebule, usije ukaja na mwenzako mkitegemea vyumba viwili vya kulala. Pokój przechodni ni chumba cha kupita, yani mwenzako akitaka kwenda kwake lazima akatize kwako, kikimbie hata kama ni bei ya kutupa. Suterena ni chini ya ardhi. Poddasze ni chini ya paa, picha zake tamu, ila Julai unaiva humo na nusu ya chumba huwezi kusimama wima. Bezpośrednio maana yake hakuna dalali, ingawa madalali wengine nao wanaliandika tu, piga simu uulize.

Hatua ya 4: Wasiliana, na uwe na ngozi ngumu

Meseji zinapotea, simu ndo inafanya kazi. Kama Kipolandi chako bado, tafuta mwanafunzi mwenzako mwenyeji akupigie, au tuma meseji fupi ya Kipolandi yenye heshima, anza na Dzień dobry na umwite mtu Pan au Pani, usimwite jina lake la kwanza hata kama ni kijana mwenzako. Jieleze kwa sentensi mbili: unasoma au unafanya kazi wapi, mko wangapi, unataka muda gani, huvuti sigara kama kweli huvuti.

Sasa nisikudanganye, kuna wengine wakisikia lafudhi au wakiona jina wanasema nyumba imeshachukuliwa, na kesho tangazo bado lipo. Inauma. Usibishane nao, ongeza idadi ya simu. Wapo pia ambao ni kinyume chake kabisa, hasa wazee, ukisema unatoka Tanzania anaweza kukuuliza kuhusu Tengeru, pale karibu na Arusha ambapo maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi waliishi wakati wa vita kuu ya pili, makaburi yao yako pale mpaka leo. Isome hiyo habari kidogo kabla hujaja.

Utapeli una sura moja tu ingawa majina yanabadilika: nyumba nzuri ya Kazimierz kwa bei ya Nowa Huta, mwenye nyumba yuko nje ya nchi, hawezi kukuonyesha ila atakutumia funguo kwa kuria ukishalipa, na anataka picha ya pasipoti yako. Mwingine anakuomba namba ya BLIK, ile ya siri ya tarakimu sita ya kulipia kwa simu kwenye benki za hapa, hiyo ni sawa na kumpa mtu PIN yako ya M-Pesa. Hujaingia ndani ya nyumba, hutoi hata zloti moja ya kushikia.

Hatua ya 5: Nenda kaangalie, na uguse vitu

Nyumba za zamani zinaitwa kamienica. Dari juu mita tatu na zaidi, ngazi za mawe zilizochakaa katikati, milango miwili ya mbao, unaingia unahisi uko kwenye filamu. Lifti mara nyingi hakuna, na ghorofa ya nne ni ya nne kweli kwa sababu parter ya chini haihesabiwi, ni kama kwetu. Nyingine madirisha ni ya mbao ya zamani na kwa sababu jengo linalindwa kama urithi mwenye nyumba hawezi kubadilisha anavyotaka, lazima apate kibali. Weka mkono wako kwenye kingo za dirisha, kama unasikia upepo Oktoba basi Januari utalala na soksi tatu.

Swali kubwa kuliko yote kwa kamienica ni joto linatoka wapi. Bora ni joto la mji, linakuja kwa mabomba mpaka kwenye redieta za ukutani, linawashwa vuli linazimwa machipuko, bei inatabirika. La pili ni gesi. La umeme kwenye chumba cha dari mita tatu na nusu ni msiba, bili yake inaweza kukaribia nusu ya kodi, na tangazo halitakwambia, litaandika tu ogrzewanie elektryczne kwa herufi ndogo pale chini. Omba kuona bili ya Januari au Februari iliyopita, mwenye nyumba mkweli anayo kwenye simu.

Ingia bafuni angalia juu ukutani. Ukikuta boksi jeupe lenye kidirisha kidogo na kimoto cha bluu ndani, hiyo ni hita ya gesi ya kuchemsha maji, na bomba lake la moshi linaingia ukutani. Ni kitu cha kawaida hapa na kinafanya kazi vizuri kikitunzwa, ila kikiziba kinatoa kaboni monoksidi, wao wanaiita czad, haina harufu na kila msimu wa baridi inaua watu Poland. Kwa hiyo fungua maji ya moto, acha yatiririke dakika kadhaa, angalia kimoto ni bluu au njano (njano sio nzuri). Angalia tundu la hewa kwenye mlango na ukutani, kama mpangaji aliyepita aliliziba kwa gazeti au plastiki kuzuia baridi, litoe. Uliza karatasi ya ukaguzi wa bomba la moshi na gesi, kisheria unafanyika walau mara moja kwa mwaka. Na nunua kigunduzi chako mwenyewe, kinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, usisubiri kuletewa.

Mengine ni ya haraka haraka: vuta kabati uangalie ukuta wa nyuma kama una ukungu, hasa kona za upande wa kaskazini, na rangi mpya kabisa kwenye kona moja tu iwe swali. Fungua bomba zote. Jaza simu chaji kwenye soketi. Angalia kama mtandao unashika ndani, zile kuta nene zinakula mawimbi. Na nenda tena usiku kama unaweza, simama nje usikilize, maana kimya cha usiku ni saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kwa mazoea yao ila baa ya chini ya jengo haijui hayo mazoea.

Hatua ya 6: Mkataba

Kwanza hakiki mwenye nyumba ndo mwenye nyumba. Poland ina daftari la ardhi na majengo liitwalo księga wieczysta, liko kwenye mtandao wa wizara ya sheria na kulisoma ni bure, unachohitaji ni namba, na nyingi za Kraków zinaanza na KR1P. Muombe namba, fungua sehemu ya pili, jina la mmiliki lipo pale, linganisha na kitambulisho chake. Akikataa kutoa namba bila sababu ya maana, shika njia.

Afu angalia aina ya mkataba. Wa kawaida wa muda maalumu, czas określony, una mtego: huwezi kuuvunja katikati isipokuwa kwa sababu zilizoandikwa ndani yake. Kwa hiyo hakikisha kuna kifungu kinachosema mpangaji anaweza kutoa notisi, mwezi mmoja au miwili, na kwa sababu gani (kuhamishwa kazi, kuacha masomo, kunyimwa kibali cha kuishi). Bila hicho kifungu unaweza kudaiwa mpaka mwezi wa mwisho hata umesharudi Mombasa. Usiokuwa na muda maalumu na wenye kodi ya kila mwezi, notisi yake kisheria ni miezi mitatu.

Wa pili ni najem okazjonalny, na siku hizi wageni wengi ndo wanaopewa huu. Unaenda kwa notari, yani mwanasheria wa kuthibitisha nyaraka, unasaini kwamba ukiisha muda utatoka bila kesi ndefu, na unataja anwani nyingine ndani ya Poland utakakohamia ukitolewa, na mwenye hiyo anwani anasaini kukubali. Hapo ndo pagumu kwetu, wewe umefika jana, nani akupe anwani? Wengine wanamwomba mwajiri au rafiki mwenyeji mwenye nyumba yake, wengine wananunua huduma kwa kampuni zinazouza hizo anwani, wengine wanajadiliana mkataba wa kawaida kwa dipoziti kubwa zaidi. Kama mwenye nyumba ni kampuni kuna najem instytucjonalny ambao hautaki anwani ya pili. Ada ya notari kwa hilo tamko haiwezi kuzidi sehemu ya kumi ya mshahara wa kima cha chini wa nchi, mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa 4,666 kwa hiyo kikomo kilikuwa 466 na senti zake, jumlisha VAT na nakala. Kama hujui Kipolandi notari atadai mkalimani wa kiapo, naye analipwa. Mkubaliane nani analipa nini kabla ya kwenda, sio mkiwa mmeshakaa mezani.

Dipoziti ina mipaka: mkataba wa kawaida isizidi kodi ya miezi 12, okazjonalny isizidi 6, ila kwa kawaida utaombwa wa mwezi mmoja au miwili. Mkataba ukiwa wa Kipolandi peke yake usisaini pale pale, omba siku moja, mtafute mtu akusomee. Kodi lipa kwa benki na uandike kwenye maelezo ni ya mwezi gani, mambo ya bahasha ya keshi bila risiti achana nayo.

Hatua ya 7: Siku ya funguo

Mnajaza protokół, orodha ya hali ya nyumba siku unaingia. Usiwe na aibu hapa, kuwa mkorofi kwa adabu. Kila mkwaruzo wa sakafu, sufuria iliyoungua, mlango wa kabati uliolegea, vyote viandikwe, na piga picha zenye tarehe. Mita za umeme, gesi na maji soma pamoja naye na mwandike namba, mita ya umeme kwenye kamienica mara nyingi iko nje kwenye korido ndani ya kabati la chuma, mwambie akuonyeshe ipi ni yako. Hesabu funguo, za lango, za mlango, za sanduku la barua, za chumba cha chini. Mtumie picha zote kwa imeili usiku huo huo.

Hatua ya 8: Meldunek, yani kuandikisha anwani yako

Kama wewe sio raia wa Umoja wa Ulaya na unakaa zaidi ya siku 30, unatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya jiji kabla siku ya nne haijaisha tangu ufike kwenye hiyo anwani. Beba pasipoti na viza au kadi ya kuishi, fomu yenye saini ya mwenye nyumba, na mkataba wako. Kujiandikisha ni bure, ukitaka cheti cha uthibitisho ndo unalipa 17 zloti. Ukijiandikisha unapata na namba ya PESEL, namba ya utambulisho ya kila mkazi, ambayo bila hiyo benki, hospitali na kodi ya mapato vyote vinakuwa vigumu.

Baadhi ya wenye nyumba wanaogopa, wanadhani ukiandikishwa huwezi kutolewa tena. Sio kweli, kuandikishwa hakukupi haki yoyote juu ya nyumba, ni kumbukumbu tu ya unapoishi. Ndo maana swali la meldunek liulizwe kwenye simu ya kwanza na sio baada ya kulipa, anayekataa kabisa mara nyingi anakwepa ushuru, na wewe karatasi unazihitaji kwa ajili ya kadi ya kuishi. Ukijaza anwani, namba ya kwanza ni ya jengo na baada ya mkwaju ni ya fleti, 12/5 ni jengo la 12 fleti ya 5, ukisahau ya pili barua ya serikali itazurura.

Ukija kuhama, toa notisi kwa maandishi, safisha, someni mita tena kwenye protokół ile ile, na umpe namba ya akaunti. Dipoziti inatakiwa irudi ndani ya mwezi mmoja tangu utoke, akiwa amekata tu anachokudai kweli, na akisema ukuta ulichubuka wewe una picha zako za siku ya kwanza kwenye imeili.